Namna ya kufundisha chanzo cha Wamormoni kwa saa mbili, bila kuchafua wala kuhubiri

Somo hili nimelifundisha mara saba katika ukumbi mdogo wa kanisa letu hapa Nkuhungu, Dodoma. Wanafunzi wangu ni watu wazima wa darasa la Jumamosi. Wengi ni Waanglikana kama mimi, wamo Wakatoliki wachache, na mzee mmoja Mwislamu anayekuja kwa sababu anapenda historia. Nilifundisha historia sekondari hadi nikastaafu, na miaka yote hiyo sikuwahi kusoma hata ukurasa mmoja kuhusu Wamormoni, kanisa lililoanzia Marekani karne ya 19.

Kilichonisukuma ni kikao cha ukoo kule Mpwapwa. Mtoto wa kaka yangu alikuwa amebatizwa na Wamormoni akiwa Dar es Salaam, na wazee wakamwita aeleze. Nafasi ya kueleza hakupewa. Mmoja alisema hao ni Freemason, mwingine akasema wanaoa wake kumi kumi, wa tatu akasema wanamwabudu malaika. Kijana alisubiri kelele zipungue, akanigeukia: "Shangazi, wewe ni mwalimu wa historia. Niulize swali moja la historia, nitakujibu." Nikanyamaza. Sikuwa na swali, nilikuwa na maneno ya kuokota tu. Nilirudi Dodoma na aibu ile nikaanza kusoma, na mwaka uliofuata nikalileta somo darasani. Ukitaka kulifundisha kwenu, fanya hivi.

Andaa manila kabla watu hawajaingia

Nunua karatasi mbili za manila. Ya kwanza ibandike ukutani, uigawe safu tatu. Juu ya safu ya kwanza andika HATI, yaani yale yaliyobaki kwenye karatasi za wakati ule: mikataba, magazeti, kumbukumbu za mahakama, tarehe za uchapaji. Ya pili iandike USHUHUDA, yale ambayo Joseph Smith, mwanzilishi wao, na wenzake walisema yaliwatokea. Ya tatu UPINZANI, yale waliyosema waliowakataa, wa enzi zile na wa sasa. Sharti la darasa ni moja: hakuna sentensi inayosemwa bila kutajiwa safu yake. Mtu akisema "malaika alimtokea", wengine wanamuuliza, "Safu gani?" Akisema "alikuwa tapeli", anaulizwa vilevile.

Mwanzoni nilikuwa naandika HATI kwa kalamu ya wino mzito na USHUHUDA kwa penseli. Sikufanya kwa kusudi, au nilidhani sikufanya kwa kusudi. Mara ya tatu mtoto wa kaka yangu alikuwa amekuja kunitembelea, akakaa nyuma. Watu walipotoka akasema taratibu, "Shangazi, yetu haisomeki kutoka kule nyuma." Tumia kalamu moja kwa safu zote.

Kichwani kwa manila andika jina kamili: Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho. "Mormoni" lilikuwa jina walilobandikwa na watu wa nje, likitokana na kitabu chao, na tangu 2018 viongozi wao wamekuwa wakisisitiza jina kamili litumike. Lakini waambie wanafunzi kwamba 1830 jina hilo halikuwepo bado. Lilianza kama Kanisa la Kristo, likabadilishwa 1834, na hili refu likaja 1838. Kwa miaka ya mwanzo mimi husema tu "wafuasi wa Joseph Smith". Hapo kila mtu anaelewa na hakuna anayeumia.

Anza na njaa, malaika atafuata

Wengi wanaosimulia habari hii huanza na maono. Usifanye hivyo. Ukianza na maono, nusu ya ukumbi itakunja mikono papo hapo na hutaikunjua tena. Anza na hali ya hewa.

Joseph Smith alizaliwa tarehe 23 Desemba 1805 huko Sharon, jimbo la Vermont, kaskazini mashariki mwa Marekani. Wazazi wake, Joseph mkubwa na Lucy Mack, walikuwa wakulima waliopoteza ardhi yao kwa biashara iliyoharibika, wakawa wanalima mashamba ya kukodi, leo hapa kesho pale. Mwezi Aprili 1815 volkano ya Tambora ililipuka kwenye kisiwa cha Sumbawa, Indonesia. Majivu yake yakatanda angani, na mwaka uliofuata theluji ikaanguka Vermont mwezi Juni. Mahindi yakafa shambani. Kwa akina Smith ulikuwa mwaka wa tatu mfululizo wa kukosa mavuno, na wakahama.

Hapo simama, uulize: nani hapa amesikia habari za Mtunya? Katika Ugogo hutakosa mikono. Njaa ile ya 1917 hadi 1920, majeshi ya Mwingereza na Mjerumani yalipokuwa yamekomba ng'ombe, nafaka na vijana wa kubeba mizigo, kisha mvua nayo ikakataa, bado inasimuliwa majumbani. Mama mmoja wa Bahi alitueleza jinsi bibi yake alivyotembea kwa miguu na watoto kwenda kutafuta chakula kwa watu wasiomjua. Alipomaliza, ukumbi mzima ulikuwa tayari kumsikiliza Lucy Smith. Lucy naye alisafiri kipindi cha baridi na watoto wanane, mdogo akiwa bado ananyonya, kumfuata mumewe aliyetangulia Palmyra, jimbo la New York. Joseph alikuwa na miaka kumi hivi na alikuwa bado anachechemea, kwa kuwa miaka michache nyuma daktari alimpasua mguu na kutoa vipande vya mfupa uliooza. Lucy anasimulia kwamba njiani mtu waliyemkodi kuwaendeshea gari la farasi alitaka kutoroka na farasi wao, naye akamkabili mbele ya watu mpaka akaziachia hatamu.

Mfereji na spika za injili

Sasa wapeleke Palmyra. Mwaka 1817 jimbo la New York lilianza kuchimba mfereji wa Erie, kutoka Albany hadi Buffalo, kilomita zipatazo 584, ukakamilika 1825. Ulipita Palmyra penyewe. Wenyeji wa Dodoma huhitaji kuwaeleza sana maana yake. Tangu treni ya umeme ianze kuja hapa 2024, na kabla yake tangu Serikali ilipohamia, tumeona viwanja vinavyopanda bei, wageni wanavyomiminika, na vibanda vinavyoota kando ya barabara. Na makanisa. Mtaa wangu peke yake una mahema manne ya injili, na jioni spika zao hupokezana.

Magharibi mwa New York ndivyo ilivyokuwa. Wamethodisti, Wabaptisti na Wapresbiteri walishindana kuvuna roho, mikutano ya kambi ilidumu siku kadhaa, watu wakilia na kuanguka. Eneo lile lilikuja kuitwa wilaya iliyoungua, kwa jinsi moto wa uamsho ulivyolipitia tena na tena. Nyumbani kwa akina Smith mama na baadhi ya watoto walijiunga na Wapresbiteri, baba akabaki nje, na kijana Joseph akavutwa na Wamethodisti. Swali lake lilikuwa hili: kati ya hawa wote, nani yuko sahihi? Mimi humwomba mtu afungue Yakobo 1:5 asome kwa sauti, maana Joseph anasema mstari huo, unaomwambia aliyepungukiwa hekima amwombe Mungu, ndio uliompeleka msituni kuomba.

Alichokiona msituni mwaka 1820, ambacho waumini wanakiita Ono la Kwanza, kiandike safu ya USHUHUDA, na pembeni yake weka tarehe za simulizi zenyewe: 1832, 1835, 1838, 1842. Simulizi ya 1832, ambayo sehemu yake ameiandika kwa mkono wake, inamtaja Bwana aliyemsamehe dhambi. Ile ya 1838, ambayo kanisa linaitumia, inataja wawili, Baba na Mwana. Wapinzani wanasema hadithi ilikuwa inakua. Waumini wanasema mtu husimulia jambo moja kwa namna tofauti kulingana na anayezungumza naye. Sema yote mawili kwa pumzi moja, kisha endelea.

Mali iliyofukiwa

Sehemu hii ndiyo inayoharibu somo likiwa mikononi mwa mtu asiye mwangalifu, basi nitakaa hapa kidogo.

Kabla ya kuwa nabii, Joseph Smith alikuwa akikodiwa kutafuta mali zilizofukiwa ardhini, kwa kutumia jiwe aliloamini linamwonyesha vilivyofichika. Mwaka 1825 mkulima aitwaye Josiah Stowell alimchukua kwenda kutafuta fedha ya Wahispania karibu na Harmony, Pennsylvania. Mwaka 1826 alifikishwa mbele ya hakimu huko Bainbridge, New York, kwa sababu ya kazi hiyo. Haya yanaingia safu ya HATI, na yeye mwenyewe baadaye alikiri kwamba alimfanyia kazi Stowell.

Mara ya kwanza nilileta kofia na kokoto ili kuonyesha jinsi jiwe lilivyowekwa ndani ya kofia na kutazamwa. Watu wakacheka, na kuanzia hapo hakuna kilichosikika. Usilete kofia. Badala yake uliza habari za mali ya Mjerumani. Nani hajasikia? Kila boma la kale na kila mti mkubwa una hadithi ya masanduku ya rupia yaliyofukiwa Wajerumani walipokimbia, na wapo wanaochimba usiku pamoja na mganga. Hata kwenye miamba ya michoro ya Kolo, Kondoa, watu wamechimba wakitafuta mali hiyo. Wachimbaji hao si watu wa ajabu, ni majirani zetu, wengine Jumapili wanaimba kwaya. New England ya wakati ule, yaani majimbo ya kaskazini mashariki walikotoka akina Smith, ilikuwa na wakulima wengi Wakristo walioamini mawe, fimbo za kutafutia maji na hazina zenye walinzi. Mwanafunzi akilielewa hilo hatamwona Joseph kama kituko, na pia hataifuta habari hii kana kwamba haikuwepo.

Safari hiyo ya Harmony ilimkutanisha na Emma Hale. Baba yake Emma, Isaac, hakutaka binti yake aolewe na mtafuta hazina, wakaenda kuoana kwingine, tarehe 18 Januari 1827.

Mabamba, na kurasa 116

Joseph anasema usiku wa tarehe 21 Septemba 1823 malaika Moroni alimtokea, akamweleza habari za mabamba ya dhahabu yaliyofichwa kwenye kilima karibu na nyumbani. Anasema alikwenda pale kila mwaka, na tarehe 22 Septemba 1827 akakabidhiwa. Katikati ya miaka hiyo, Novemba 1823, kaka yake mkubwa Alvin alifariki, na pigo hilo liliitikisa familia nzima. Usiliruke.

Kutafsiri maandishi ya mabamba hayo, ambayo ndiyo yaliyokuja kuwa Kitabu cha Mormoni, kulifanyika Joseph akitamka na mwingine akiandika. Emma aliandika, na uzeeni, mwaka 1879, alieleza kwamba Joseph aliweka jiwe ndani ya kofia, akaingiza uso na kutamka saa nyingi. Alisema pia kwamba mabamba yalilala mezani yamefungwa kitambaa cha kitani, na alipopapasa kingo zake yalitoa sauti ya chuma, kama kurasa nene zinavyolia ukizipitisha kidole gumba. Safu ya USHUHUDA.

Mwandishi mwingine alikuwa Martin Harris, mkulima mwenye uwezo wa Palmyra. Hadi Juni 1828 walikuwa na kurasa 116. Mkewe Harris hakuamini, na Harris akamsihi Joseph amruhusu azipeleke nyumbani wazione. Akakataliwa, akaomba tena, akakataliwa, mara ya tatu akaruhusiwa. Wakati huohuo, tarehe 15 Juni, Emma akajifungua mtoto wao wa kwanza, mtoto huyo akafa siku hiyohiyo, na Emma mwenyewe akawa mahututi kwa wiki mbili. Alipopata nafuu ndiye aliyemhimiza mumewe aende kuulizia zile kurasa.

Kilichofuata msomee mtu aliyeketi karibu nawe, usitangaze kama kwenye jukwaa. Lucy Smith anakumbuka kwamba walimwita Harris aje kifungua kinywa, wakasubiri tangu asubuhi. Mchana wakamwona anakuja polepole, macho chini. Alipofika uani akapanda juu ya uzio, akakaa, kofia ameishusha usoni. Hatimaye akaingia, akaketi mezani, akashika kisu na uma, kisha akaviachia vikaanguka. Akalia kwamba ameipoteza roho yake. Joseph akaruka na kuuliza kama kurasa zimepotea. Zilikuwa zimepotea, na hazijaonekana hadi leo.

Wapinzani wanasema kama kweli ni tafsiri, angetafsiri tena kurasa zilezile. Joseph alisema alikatazwa, kwa kuwa walioziiba wangeyabadili maneno ili kumwaibisha, na kwamba kisa hicho kilikuwemo pia kwenye mabamba mengine. Hapo darasa hugawanyika, acha ligawanyike. Mama mmoja aliyefiwa na mtoto alituambia hajali kurasa, anamfikiria Emma aliyelala kitandani kwa baba asiyemkubali mkwewe.

Kazi ilianza upya kwa kasi Aprili 1829 alipofika mwalimu kijana, Oliver Cowdery, na ikamalizika karibu na mwisho wa Juni, Fayette, New York, nyumbani kwa familia ya Whitmer. Mashahidi watatu, Cowdery, David Whitmer na Harris, walitia saini kwamba malaika aliwaonyesha mabamba. Wengine wanane walisema waliyashika. Andika mambo mawili kwa pamoja: wale wanane wote walikuwa wa familia za Whitmer na Smith, kwa damu au kwa ndoa, na wale watatu wote walikosana na Joseph baadaye wakatoka kanisani, lakini hakuna aliyekana saini yake. Cowdery alirudi 1848, Harris akarudi uzeeni, Whitmer hakurudi.

Kunja ile manila ya pili

Sasa watu wamechoka na maneno, wape kazi ya mikono. Mpe mtu mmoja manila ya pili aikunje katikati, kisha tena, kisha tena. Mikunjo mitatu, majani manane, kurasa 16. Mwambie aandike namba za kurasa, akunjue, aone zilivyotawanyika, nyingine kichwa chini. Hivyo ndivyo herufi zilivyopaswa kupangwa kwenye kiwanda cha uchapaji cha E. B. Grandin, Palmyra, ili karatasi ikishakunjwa kurasa zifuatane. Kitabu cha Mormoni kilikuwa na kurasa 590 hivi, yaani vifungu 37 vya aina hiyo, na nakala zilizoagizwa zilikuwa 5,000. Zidisha ubaoni: vifungu 185,000, kwa mashine ya mkono, katika mji mdogo. John Gilbert, mpangaji herufi, alipokea maandishi yasiyo na nukta wala mkato, akaviweka yeye.

Gharama ilikuwa dola 3,000. Harris, yule aliyepoteza kurasa, aliweka shamba lake rehani. Wakazi wa Palmyra walikubaliana wasikinunue. Kikatoka Machi 1830, na mwaka uliofuata Harris akauza ekari 151 kulipa deni. Hapa kila mkulima wa zabibu aliyewahi kuweka hati ya shamba benki ananyamaza.

Yaliyomo yaeleze kwa ufupi: familia iliyotoka Yerusalemu miaka kama 600 kabla ya Kristo ikafika Marekani, vizazi vilivyopigana, na Yesu aliyewatokea huko baada ya kufufuka. Wanahistoria wasio wa kanisa hilo hawakikubali kama historia ya kale, wanakisoma kama kitabu cha karne ya 19. Waumini wanakikubali kama maandiko.

Tarehe 6 Aprili 1830, nyumbani kwa akina Whitmer, kanisa likaundwa, waanzilishi sita wakiorodheshwa kutimiza sheria ya jimbo. Mkutano wenyewe ulihudhuriwa na watu kadhaa zaidi, na baba yake Joseph akabatizwa siku hiyo. Ndani ya mwaka mmoja walikuwa wameanza kuhamia Kirtland, Ohio, ambako wamisionari walipata waongofu zaidi ya 100 kwa wiki chache. Yaliyofuata yapite haraka: kufukuzwa Missouri, ambako Oktoba 1838 gavana Lilburn Boggs aliamuru waangamizwe au waondolewe jimboni, mji wa Nauvoo, Illinois, Joseph na ndugu yake Hyrum kuuawa na kundi la watu wenye silaha gerezani Carthage tarehe 27 Juni 1844, na Brigham Young, aliyewaongoza wengi wao baada ya Joseph, kulifikisha kundi la kwanza bonde la Salt Lake, ambalo leo liko jimbo la Utah, Julai 1847. Emma hakwenda.

Maswali yatakayokuja

Wake wengi. Joseph alioa wake wengi kwa siri, zaidi akiwa Nauvoo. Lilitangazwa hadharani 1852, na 1890 kanisa likatangaza kuliacha. Leo anayefanya hivyo hufukuzwa. Freemason. Ni kweli Joseph alijiunga nao Nauvoo, Machi 1842, miaka kumi na miwili baada ya kanisa kuanza, wala chanzo chake hakikuwa huko.

La tatu lisubiri, litakuja tu: na watu weusi? Jibu bila kupunguza. Elijah Abel, Mwafrika wa Marekani, alipewa ukuhani 1836, Joseph akiwa hai. Mwaka 1852 Brigham Young alitangaza kwamba wenye asili ya Afrika wasipewe, na zuio hilo likadumu hadi Juni 1978. Mzee wetu Mwislamu aliandika tarehe hizo tatu kwenye daftari lake, akahesabu kwa vidole, akauliza, "Miaka mia moja ishirini na sita?" Nikamwambia ndiyo.

Anza saa tisa alasiri ili chai iwe tayari saa kumi na moja. Na manila ya kukunja nunua mbili za ziada. Mara nyingi kuna anayeondoka nayo kwenda kuwaonyesha watoto nyumbani.